Waraka wa mfuko wa vipande: anza na ukurasa wa kutokea

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, naishi Njombe, nina miaka 41. Desemba tumevunja kikoba chetu, na ukijumlisha viazi nilivyouza nimebaki na shilingi milioni 6. Kijana mmoja wakala ananishauri niziweke kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Anasema mwaka jana umetoa asilimia 13, kwamba umesajiliwa serikalini kwa hiyo hauwezi kufilisika, na kwamba niwahi kwa sababu kipande bado ni rahisi, shilingi 150 tu, wakati mifuko mingine imefika elfu moja. Nilipoomba maandishi akanitumia kwenye simu waraka wa kurasa 64, wote Kiingereza, akasema, "Hayo ni mambo ya sheria tu mama, wewe saini fomu." Nimefika ukurasa wa tisa nikapitiwa na usingizi. Milioni mbili na nusu ni ada ya mwanangu anayeingia chuo Oktoba. Zinazobaki ni za kuanzia ujenzi, labda baada ya miaka mitano. Nisome nini humo ndani?
— Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba, dada. Kupitiwa na usingizi ukurasa wa tisa si kosa lako. Nyaraka hizi huandikwa na wanasheria wakiwafikiria wanasheria wenzao, na kurasa za mwanzo ndizo kavu kuliko zote: maana za maneno, anwani za ofisi, orodha ya wakurugenzi na shahada zao. Nimesoma nyingi, na mpaka leo waraka wa matarajio, yaani waraka wa aina hiyo uliyotumiwa, siuanzi ukurasa wa kwanza. Nauanzia pale panapoelezwa namna ya kutoka.

Tabia hiyo niliipata kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita niliweka akiba yangu kwenye mfuko fulani. Mama akalazwa siku ya Alhamisi, nikajaza fomu ya kuuza vipande, yaani sehemu zangu za umiliki kwenye mfuko, asubuhi ileile, nikajiambia kesho fedha ziko kwenye akaunti. Waraka ulikuwa umeandika, tena kwa herufi za kawaida, siku kumi za kazi. Na ile ilikuwa Alhamisi Kuu: kesho yake Ijumaa Kuu, kisha Jumatatu ya Pasaka. Nikaenda kumpigia magoti shemeji. Mfuko haukunikosea chochote. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma ukurasa wa faida nikaufunga waraka.

Kwa hiyo fungua sehemu inayohusu kuuza vipande. Kwa Kiingereza utaiona ikiitwa "redemption" au "repurchase". Kwanza tafuta siku: ni ngapi, ni za kazi au za kalenda, na zinaanza kuhesabiwa lini. Fomu uliyomkabidhi wakala Njombe siku ya Jumatatu inaweza kuhesabiwa imepokelewa siku itakapofika makao makuu. Kisha tafuta bei: utalipwa kwa bei ya siku gani? Mifuko mingi hukulipa kwa bei inayokokotolewa baada ya ombi lako kupokelewa, maana yake unaposaini hujui kwa uhakika utapata shilingi ngapi. Hilo ni la kawaida, ila ni vizuri ulijue kabla. Halafu ada ya kujitoa. Kuna mifuko isiyotoza kabisa, kuna inayotoza asilimia fulani, na kuna inayotoza zaidi ukitoka mapema kisha ikapunguza kadiri unavyokaa.

Usiondoke hapo kabla ya kukuta kifungu cha kusitisha. Karibu kila waraka unacho: katika hali isiyo ya kawaida meneja anaweza kusimamisha kwa muda ununuaji wa vipande kutoka kwa wawekezaji, au kuweka kikomo cha kiasi kitakacholipwa kwa siku. Watu wakikikuta hudhani wametegwa. Mimi nikikikosa ndipo naogopa. Fikiria mfuko umenunua hatifungani za serikali za miaka 20, yaani karatasi za kuikopesha serikali kwa riba, na hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Soko hilo lilianza biashara mwaka 1998 na bado zipo kampuni ambazo hisa zake zinapita siku kadhaa bila mnunuzi wa maana. Nusu ya wawekezaji wakitaka fedha zao Jumanne moja, meneja ana njia mbili: auze mali kwa bei ya kutupa, na hasara waibebe wale waliobaki, au awaambie watu wasubiri. Kifungu hicho kinamruhusu kuwaambia wasubiri. Unachotakiwa kuangalia ni nani anaidhinisha kusitisha huko, kwa muda gani, na kama Mamlaka ya serikali inayosimamia mifuko hii na wawekezaji lazima waarifiwe.

Wala usidhani ni mambo ya masoko machanga. Septemba 2008, New York, kulikuwa na mfuko wa fedha za muda mfupi ulioitwa Reserve Primary Fund. Watu waliutumia kama akaunti ya benki: dola moja unaingiza, dola moja unatoa. Ndani yake kulikuwa na madeni ya benki ya Lehman Brothers ya dola milioni 785. Lehman ilipoanguka, kipande cha dola moja kikashuka hadi senti 97, watu wakakimbilia mlangoni, na malipo yakasitishwa. Hasara yenyewe ilikuwa senti tatu tu. Kilichowaumiza watu zaidi ni kwamba fedha walizodhani wanaweza kuzichukua asubuhi hazikupatikana.

Hapo utajiuliza: ndani ya huu mfuko wangu kuna nini? Twende kwenye sera ya uwekezaji.

Hapa kuna neno moja dogo la kuchunga: "hadi". Waraka unaweza kusema hisa hadi asilimia 50, hatifungani hadi asilimia 90, amana za benki hadi asilimia 100. Ukisoma haraka unaona mpangilio. Ukisoma polepole unaona kwamba meneja ameruhusiwa kufanya karibu chochote. Mpaka mpana kiasi hicho haukuelezi mfuko ni wa aina gani, kwa hiyo omba taarifa ya karibuni ya mfuko, ile ya robo mwaka au hesabu za mwaka zilizokaguliwa, uone fedha ziko wapi leo. Kama waraka unasema hadi asilimia 50 kwenye hisa na taarifa inaonyesha asilimia 8, mfuko huo kwa sasa ni wa hatifungani, hata kama kwenye jalada wamechora ng'ombe dume wa soko la hisa.

Na hapa ndipo inapotoka ile asilimia 13 ya wakala wako. Huenda ni kweli. Lakini tazama jinsi inavyozaliwa. Aprili 2021 serikali yetu ilitoa kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25, ikilipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, 2022, hatifungani mpya ya muda uleule ikatoka kwa asilimia 12.56. Mfuko uliobeba karatasi za zamani unaendelea kupokea ile riba kubwa. Mfuko unaopokea milioni 6 zako leo utazipeleka kwenye mnada wa leo, kwa riba ya leo. Kwa hiyo faida ya mwaka jana ni habari ya mambo yaliyokwisha kununuliwa. Waraka wenyewe unasema hivyo, kwa ile sentensi tunayoiruka wote, kwamba matokeo ya nyuma si ahadi ya matokeo yajayo.

Kuna jambo jingine linaloendana na hilo. Riba za karatasi mpya zikishuka, karatasi ya zamani yenye riba kubwa hupanda bei, kwa sababu kila mtu anaitaka. Riba mpya zikipanda, ya zamani hushuka bei. Wengi wanashangaa kusikia kwamba hatifungani ya serikali, inayolipa bila kukosa, inaweza kukutia hasara ukiiuza katikati ya safari. Sasa tafuta kifungu kinachosema mali za mfuko zinathaminiwaje: kwa bei ya soko, au kwa gharama iliyonunuliwa huku riba ikiongezwa siku hadi siku? Ikiwa ni kwa soko, utaona bei ya kipande ikipanda na kushuka, na utakuwa unaona hali halisi. Ikiwa ni kwa gharama, bei itapanda taratibu kama ngazi, utalala vizuri, lakini mabadiliko ya soko hayataonekana kwenye bei mpaka karatasi zitakapolazimika kuuzwa. Sisemi moja ni haramu na nyingine halali. Nasema ukiona grafu iliyonyooka kama mstari wa rula, uliza kwanza inakokotolewaje ndipo uisifu.

Kuhusu "kipande bado ni rahisi", nitasimama kidogo, maana maneno haya nayasikia kila mwezi na yananikera.

Bei ya kipande ni hesabu ya darasa la sita. Chukua mali zote za mfuko, toa madeni yake, gawanya kwa idadi ya vipande. Tuseme mfuko una mali za shilingi bilioni 50, unadaiwa milioni 500, na umetoa vipande milioni 330. Bilioni 49.5 ukigawanya kwa milioni 330 unapata 150. Hiyo ndiyo thamani halisi ya kipande. Mfuko wa jirani unaweza kuwa na kipande cha shilingi 1,000 kwa sababu tu ulianza zamani, ukakua. Milioni 6 zako kwenye mfuko wa kwanza zinakupa vipande 40,000, kwenye wa pili vipande 6,000. Mifuko yote miwili ikikua kwa asilimia 10, kote unakuwa na milioni 6 na laki sita. Ni kama unga: kununua kilo kumi katika mifuko ya nusu kilo au katika kiroba kimoja hakukuongezei ugali. Kwenye hisa za kampuni watu hubishana kama bei ni ghali au rahisi, na wana hoja. Kwenye vipande vya mfuko bei ndiyo thamani yenyewe, hakuna cha kuwahi. Kijana huyo ama hajui anachouza, ama anajua na anakuharakisha.

Ila hiyo bei ina pande mbili, na zote zimo kwenye waraka: ya kuingilia na ya kutokea. Kama unaingia kwa 150 na ada ya kujitoa ni asilimia 1, siku hiyohiyo ukibadili mawazo utauza kwa 148.50. Vipande vyako 40,000 vinakuwa milioni 5 na laki tisa na arobaini elfu. Elfu sitini zimekwenda na hujafanya kitu. Kwa mtu anayekaa miaka mitano si neno. Kwa ada ya chuo ya Oktoba ni neno.

Hiyo ni ada unayoiona. Nyingine huzioni kamwe kwenye risiti, na ndizo kubwa: ada ya meneja, ya benki inayotunza mali, ya mdhamini, ya mkaguzi, gharama za matangazo na mikutano. Hizi hukatwa ndani ya mfuko kabla bei ya kipande haijatangazwa. Watu huniambia, "Mfuko wangu haunikati kitu." Unakatwa, ndugu yangu, ila wembe ni mkali husikii. Nitakupa mfano wa kufikirika: milioni 6 zikikua kwa asilimia 12 kila mwaka kwa miaka kumi zinafika kama milioni 18.6. Gharama zikila pointi mbili, zikakua kwa asilimia 10, zinafika kama milioni 15.6. Pointi mbili zile zimekula milioni tatu, nusu ya ulichoanza nacho. Kwenye waraka tafuta jedwali la ada, jumlisha asilimia zote za mwaka, kisha uone kama kuna kikomo cha jumla ambacho meneja haruhusiwi kukivuka. Halafu umuulize wakala swali moja: hiyo 13 ni kabla ya gharama au baada? Umuulize pia ada yake ya uwakala anaipata kutoka wapi. Hilo nalo limo kwenye waraka.

Wasomaji wangu wa Kenya wanaofuata safu hii wana kisa chao. Kule matangazo ya mifuko ya fedha za muda mfupi hupenda kutaja kiwango cha mwaka kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba. Asilimia 12 ya bango inakuwa 10.2 mkononi. Swali ni lilelile, kabla au baada, ila kwao linaulizwa mara mbili.

Sasa nani anashika fedha. Hapa wewe una ujuzi kuliko unavyodhani. Sanduku la kikoba chenu lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, sivyo? Na mwenye sanduku nyumbani kwake hana ufunguo. Mfuko uliopangwa sawasawa unafanya vilevile. Meneja anaamua kununua nini, lakini fedha na karatasi za umiliki hazikai kwake, zinakaa kwa mtunzaji wa mali, ambaye mara nyingi ni benki. Anakuwapo mdhamini wa kusimamia haki za wawekezaji, na mkaguzi wa nje wa hesabu. Waraka unawataja kwa majina. Soma majina hayo, kisha angalia kama meneja, mtunzaji na mdhamini wanamilikiwa na watu walewale. Kama ufunguo wa pili na wa tatu uko kwa mtoto wa mwenye sanduku, kufuli tatu hizo ni pambo.

Na lipo jambo la kivitendo linalotokana na hilo: malipo yako yaende kwenye akaunti ya mfuko wenyewe, iliyotajwa kwenye waraka, au kwa namba ya malipo inayotoa jina la mfuko. Yasiende kwenye namba ya simu ya wakala hata akiwa mtoto wa dada yako. Mwaka 2009 Watanzania walipanga foleni kupeleka fedha DECI, wakiambiwa wanapanda mbegu na watavuna mara mbili au zaidi. Hapakuwa na mtunzaji wa mali, hapakuwa na maelezo fedha zinawekezwa wapi, kwa sababu mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata. Serikali ikaifunga mwaka huohuo. Hapo hapakuhitaji utaalamu wa hesabu. Mtu mmoja angeomba kuona karatasi inayosema nani anatunza fedha, mazungumzo yangeishia palepale.

"Umesajiliwa serikalini." Ndiyo, na ni lazima. Kwetu mfuko wa pamoja hauuzwi kwa umma bila idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hakikisha jina la mfuko na la meneja yamo kwenye orodha yao. Lakini rudi ukurasa wa mwanzo wa waraka wako, utakuta aya inayosema kwamba kuidhinishwa kwake hakumaanishi Mamlaka inaupendekeza mfuko au inathibitisha usahihi wa kila kilichoandikwa. Ni kama cheti cha usalama wa basi. Trafiki amethibitisha breki zipo, hakukuahidi kwamba utafika Makambako saa nne.

Hata meneja akiwa ni taasisi ya umma, umiliki huo si dhamana ya bei ya kipande chako. Na usichanganye na benki. Amana yako ya benki ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika. Vipande havimo humo. Kinga ya vipande ni ile ya kufuli tatu: meneja akifilisika, mali ni za mfuko, si zake, na wadai wake hawazigusi. Dhidi ya mali zenyewe kushuka thamani hakuna kinga.

Sehemu ya hatari za uwekezaji naipitia mbio. Zote zinafanana: hatari ya soko, ya riba, ya mfumuko wa bei, ya mabadiliko ya sheria. Natafuta ile moja ambayo haiko kwenye nyaraka nyingine, kwa mfano kwamba sehemu kubwa ya mali iko kwa mkopaji mmoja au kwenye majengo. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa ajili ya mfuko huu. Kuhusu gawio, jua tu kwamba likilipwa bei ya kipande inashuka kwa kiasi hicho, kwa sababu fedha zimetoka ndani ya sanduku. Kama huhitaji fedha za kila mwezi, chagua mpango wa kukuza, ambao faida inabaki ndani ya mfuko.

Kiingereza cha waraka kisikutishe wala kukuaibisha. Piga simu makao makuu ya mfuko, si kwa wakala, uombe nakala ya Kiswahili au muhtasari wake. Zipo kampuni zinazotoa. Wakisema hawana, waombe mtu akusomee vifungu vinne nilivyokutajia, cha kutoka, cha ada, cha sera ya uwekezaji na cha watunzaji, na uandike majibu pembeni. Angalia pia tarehe ya waraka. Unaotembea kwenye WhatsApp unaweza kuwa wa miaka minne iliyopita, na ada zikawa zimebadilika.

Tena siku hizi una nafasi ya kulinganisha ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Mfuko wa Umoja ulipofunguliwa mwaka 2005 chini ya UTT, taasisi ya umma ya mifuko ya pamoja, ulikuwa peke yake, unauchukua au unauacha. Leo UTT AMIS ina mifuko kadhaa, wa Ukwasi na wa Hatifungani ikiwemo, Faida Fund ya Watumishi Housing ilikuja 2022, na kampuni binafsi zimeingia. Chukua nyaraka tatu, fungua kifungu cha kutoka katika kila moja, ziweke mezani pamoja. Nusu saa inatosha, na utaona tofauti ambazo hakuna wakala angekutajia.

Tuje kwenye milioni zako 6. Mbili na nusu za chuo zisiguse mfuko wenye hisa wala wa hatifungani ndefu, hata ukisifiwa vipi. Miezi tisa ni mifupi mno, bei ikiteleza Septemba hutakuwa na muda wa kuisubiri ipande. Weka kwenye mfuko wa ukwasi, yaani wa fedha za muda mfupi zinazotoka haraka, usio na ada ya kujitoa, au amana ya muda maalumu ya benki inayoiva Septemba. Tofauti ya faida kati ya hizo mbili kwa fedha hizo na muda huo si ya kukunyima usingizi. Chagua ile yenye njia fupi kutoka Njombe. Na omba kutoa wiki tatu kabla ya tarehe ya ada.

Tatu na nusu za ujenzi zinaweza kwenda kwenye mfuko wa hatifungani au wa mchanganyiko. Una njia nyingine pia: hatifungani za serikali zenyewe mtu wa kawaida anaweza kuzinunua kwenye mnada wa Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, kupitia benki au dalali wa soko, na hapo humlipi meneja ada ya kila mwaka. Binafsi, kwa mtu mwenye zamu za usiku ambaye ataongeza elfu hamsini leo na laki keshokutwa, ningechagua mfuko, kwa sababu unapokea vidogovidogo na unaviwekeza tena wenyewe. Lakini ningechagua ule ambao jumla ya gharama zake ni ndogo, maana karatasi walizonunua ni zilezile za serikali ileile.

Kwenye fomu, kabla ya sahihi, kuna kipengele cha kuandika mrithi au mnufaika, na kwenye waraka kuna aya inayoeleza kinachofuata mwekezaji akifariki. Mawakala huwa wanakiruka ili fomu iishe haraka. Nimewahi kukaa na familia iliyokuta stakabadhi ya vipande ndani ya Biblia ya marehemu baba yao, haina jina la mrithi, na ikawachukua mwaka na zaidi wa mahakama ya mwanzo na barua za usimamizi wa mirathi kuzipata fedha ambazo hakuna aliyezibishia. Andika jina la mwanao kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na umwonyeshe stakabadhi unaiweka wapi.